Samaki asiyeuzwa sokoni, lakini analisha mji mzima

Na Mwandishi Wetu

SAA kumi na nusu alfajiri, gati la Ludington lilikuwa limeamka kuliko stendi ya matatu. Taa za mashua ziliwaka kila upande, harufu ya kahawa na petroli ilichanganyika hewani, na wanaume kwa wanawake waliovaa makoti mazito walishuka na makasha ya barafu kana kwamba wanakwenda kupakia shehena. Ilikuwa wikendi ya Agosti 2024, na sisi sita tulikuwa tumelipa dola 750 ili tupelekwe katika Ziwa Michigan kwa saa tano kuvua samaki ambao sheria haituruhusu kuuza hata mmoja.

Dola 750 ni zaidi ya Sh96,000 za Kenya. Nilizitaja kwa simu kwa shemeji yangu aliye Mbita, ambaye ninamiliki naye mashua moja, nusu kwa nusu. Alinyamaza, kisha akauliza kama nyavu zilikuwa ndani ya bei hiyo. Nikamwambia hakuna nyavu. Akakata simu, nadhani kwa sababu ya mtandao.

Mashua yetu ya Mbita ilikuwa imeanikwa ufukweni tangu Juni mwaka huo. Mbuta walikuwa wachache, mafuta yalikuwa ghali, na vijana wetu wanne wa kuvua walikuwa wamehamia kubeba mchanga. Kwa hiyo sikwenda Ludington kwa starehe tu. Nilitaka kuona jinsi mji mdogo wa kando ya ziwa unavyopata riziki kwa samaki ambaye hapimwi kwenye mizani.

Tulikuwa tumetoka Grand Rapids, mwendo wa takriban kilomita 150 kwa gari. Grand Rapids ina jamii kubwa ya Wakongomani, na ukiingia katika baadhi ya maduka na makanisa ya huko utasikia Kiswahili kabla ya Kiingereza. Wenyeji wangu wanafanya kazi pamoja katika kiwanda cha samani, na mara moja kwa mwaka huchanga pesa kwa safari hii. Mkubwa wao kwa umri alizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na alivua tangu utotoni hadi vita vilipomkimbiza. Wote walimwita Papa, nami nikamwita hivyo.

"Kwetu tunavuaka usiku na taa," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao tulipokuwa tukipanda mashuani. "Hawa nao wanaamka usiku, lakini hawana taa. Tutaona."

Ziwa lenyewe si dogo. Michigan ina eneo la kilomita za mraba 58,000 hivi, pungufu kidogo ya Victoria yenye takriban 68,800. Lakini kwa kina hazilingani. Victoria haizidi mita 85, ilhali Michigan inafika mita 281. Maji ya chini huko ni baridi mwaka mzima, na hilo ndilo linalomfaa salmoni pamoja na binamu yake trauti. Trauti si mgeni kabisa kwa Wakenya, kwani wazungu walimleta kutoka Scotland hadi mito ya Aberdare mwaka wa 1905, na kituo cha Kiganjo, Nyeri, kimelea vifaranga vyake kwa miaka mingi.

Nahodha wetu, mzee mwembamba mwenye kofia iliyochakaa, alitukabidhi maboya ya kuvaa na kutuonyesha kifaa cha kuzimia moto kabla ya kuwasha injini. Leseni yake, inayotolewa na walinzi wa pwani wa Marekani, inamruhusu kubeba abiria sita wanaolipa na si zaidi. Ndiyo maana tulikuwa sita. Kila mmoja pia alikuwa na leseni yake ya uvuvi. Jimbo la Michigan liliweka leseni ya siku moja kuwa dola 10 mwaka wa 2014, na mgeni kama mimi hana njia ya kuikwepa.

Kuvua bila kutupa wavu

Uvuvi huu ni wa kukokota ndoano huku mashua ikitembea polepole, kilomita nne kwa saa hivi, mwendo wa mtu anayerudi shambani bila haraka. Sheria inaruhusu mishipi mitatu kwa kila mtu. Msaidizi wa nahodha, kijana wa chuo aliyekuwa akitafuta karo, alitega mishipi 12 gizani bila hata mmoja kugusana na mwingine. Ukiangalia kwa haraka unadhani ni uganga.

Siri iko katika kutenganisha vina. Nyuma ya mashua kulikuwa na winchi ndogo nne, kila moja ikiwa na waya mwembamba na pira la risasi la kilo tano hivi. Mshipi hubanwa kwenye waya kwa kibanio, pira likishuka mita 20 na chambo kinashuka mita 20, si zaidi wala pungufu. Samaki akiuma, kibanio kinaachia na ufito unaruka juu. Kando kuna mishipi mingine yenye visahani vya plastiki ambavyo, vikivutwa na maji, hupiga mbizi huku vikienda pembeni. Mingine ina nyuzi zenye risasi ndani, zilizopakwa rangi tofauti kila mita tisa ili mvuvi ahesabu rangi badala ya kupima. Na kuna vibao vinavyoelea mbali kulia na kushoto, vikivuta mishipi isipite chini ya injini.

Chambo si nyama wala mdudu. Ni vijiko vya bati vilivyopakwa rangi, kila kimoja kikiwa na ndoano mkiani. Kabla ya mapambazuko kijana alivimulika kwa tochi ili viwake gizani vikishushwa. Papa alikishika kimoja, akakigeuza, akauliza bei. Aliambiwa ni dola saba. Akakirudisha taratibu kama mtu anayerudisha yai.

Hapa ndipo niliposikia jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kulisikiliza. Kila ufito, kila rili na kila kijiko kinachouzwa Marekani hulipiwa ushuru maalumu, kwa vifaa vingi asilimia 10, chini ya sheria ya mwaka wa 1950. Pesa hizo haziingii katika mfuko mkuu wa serikali zikapotea. Hugawiwa majimbo kwa kufuata ukubwa wa eneo lake na idadi ya watu waliokata leseni za uvuvi, na kazi yake ni samaki: kulea vifaranga, kufanya utafiti, kujenga magati. Tangu 1984 sehemu ya ushuru wa mafuta ya mashua nayo imeongezwa humo. Ndiyo kusema, yule anayenunua kijiko cha dola saba amekwisha kuchangia samaki wa mwaka mwingine kabla hata hajalowesha ndoano.

Kifaa ambacho nahodha alikitazama kuliko vyote kilikuwa kioo cha sona pamoja na kipimajoto kilichofungwa kwenye pira mojawapo. Juu ya maji joto lilikuwa nyuzi 21. Mita 23 chini lilikuwa 11. Salmoni hupenda nyuzi 10 hadi 13, kwa hiyo hatafutwi kwa kubahatisha bali kwa kufuata tabaka la baridi kama mfugaji anavyofuata malisho. Trauti wa ziwa hukaa chini zaidi, kwenye baridi zaidi.

Ufito wa kwanza uliruka dakika chache kabla ya jua kutokeza, kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kijana akampa Papa. Nimeona watu wakivuta mbuta wa kilo 40 kwa mkono Mfangano, lakini sijaona samaki anayekimbia kama yule. Mshipi ulitoka ukilia, mita 100, kisha 150, na Papa hakuwa na la kufanya ila kushikilia na kutaja watakatifu. Dakika 20 baadaye kijana alimnasa kwa wavu wa mkono: salmoni mfalme, fedha tupu ubavuni, kilo tisa kwenye mizani ya mashua. Papa aliketi juu ya kasha la barafu akitweta. Alikuwa akicheka, na mikono ikimtetemeka.

Kufikia saa nne tulikuwa na samaki tisa. Watano walikuwa salmoni mfalme, mmoja koho ambaye ni salmoni mdogo zaidi, wawili trauti wa upinde wa mvua wanaoishi ziwani, na mmoja trauti wa ziwa. Mkubwa alibaki yule wa Papa. Si haba, ingawa nahodha alitukumbusha kuwa Agosti 2021, karibu na Ludington hapo hapo, mvuvi mmoja alimtoa salmoni mfalme wa kilo 21.7 na kuvunja rekodi ya jimbo iliyodumu tangu 1978.

Samaki aliyeletwa kwa makusudi

Salmoni si mwenyeji wa ziwa hili. Ni samaki wa Bahari ya Pasifiki, na namna alivyofika inatuhusu sana sisi wa Victoria.

Mwenyeji aliyekuwa akitawala maji hayo ni trauti wa ziwa. Wavuvi wa nyavu walimtegemea kwa vizazi. Kisha mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya meli ikamfungulia mlango mnyonyadamu aitwaye lampri, mrefu kama mkunga, mwenye mdomo wa duara uliojaa meno. Lampri alionekana Michigan mwaka wa 1936. Hujibandika ubavuni mwa samaki na kumfyonza. Kufikia miaka ya 1950 trauti wa ziwa alikuwa karibu ametoweka, na wavuvi walikuwa wamening'iniza nyavu zao.

Kwa kuwa mla samaki hakuwepo tena, dagaa mmoja wa baharini aliyefuata njia hiyo hiyo alizaana bila mpaka. Wenyeji humwita elwaifu. Sisi tungesema ni omena mnene, wa kiasi cha kiganja. Alikuwa hana soko la maana. Mwaka wa 1967 walikufa kwa wingi hata fukwe, hadi Chicago, zikalazimika kusafishwa kwa matingatinga. Watalii walikimbia uvundo.

Dawa ya kuua viluwiluwi vya lampri mitoni ilikuwa imepatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, na bado inatumika. Lakini nani angewala dagaa? Mwaka wa 1964 jimbo la Michigan lilimteua Howard Tanner kuongoza shughuli zake za samaki. Yeye aliagiza mayai ya koho kutoka Oregon, yakaanguliwa na kulelewa, na tarehe 2 Aprili 1966 vifaranga vya kwanza vikamwagwa katika Mto Platte, kaskazini mwa Ludington. Salmoni mfalme alifuata mwaka uliofuata. Vifaranga vile viliingia ziwani vikakuta meza imeandaliwa. Katika vuli ya 1967 koho wa kilo kadhaa walikuwa wakirudi mtoni, na watu wakaja na kila kitu kinachoelea.

Tanner alifanya uamuzi mwingine ambao ulipingwa sana. Samaki hawa wangekuwa wa ndoano na burudani, si wa nyavu na kiwanda. Hesabu yake ilikuwa kwamba salmoni mmoja anayevuliwa na mgeni huacha pesa nyingi mjini kuliko salmoni yuleyule akiuzwa kwa kilo.

Linganisha na kwetu. Ni katika miaka hiyo hiyo, ya 1950 na mwanzo wa 1960, ambapo mbuta aliingizwa Ziwa Victoria. Naye aliletwa ale samaki wadogo ambao wakubwa waliwaona hawana thamani, yaani fulu, na awageuze kuwa nyama ya kuuzika. Akawala kweli, hata aina nyingi za fulu zikatoweka. Sisi tukachagua njia ya kilo: kiwanda, minofu, ndege, Ulaya. Njia hiyo imejenga nyumba nyingi, sikatai, lakini pia tuliona Jumuiya ya Ulaya ilipofunga soko mwishoni mwa miaka ya 1990 na mashua zikalala kama yangu ilivyolala.

Hesabu ya mezani

Tuliporudi gatini nilichukua kalamu. Mashua dola 750, bahashishi ya kijana 120, leseni sita dola 60. Jumla 930. Samaki tisa walikuwa na uzito wa kilo 45 hivi, na baada ya kutoa vichwa, mifupa na matumbo tulibaki na minofu isiyozidi kilo 22. Hiyo ni takriban dola 42 kwa kilo. Salmoni wa kufugwa katika supamaketi ya Grand Rapids tulimkuta kwa karibu nusu ya bei hiyo.

Na bado sijahesabu vyumba viwili vya moteli, petroli ya gari, barafu, kifungua kinywa, kofia mbili ambazo wenzangu walinunua, na ada ya yule anayepasua samaki kwa kisu cha umeme upesi kuliko unavyoweza kumenya kiazi. Kila mmoja wa hao ana kipande chake cha samaki bila kumgusa. Mhudumu wa moteli alitueleza kuwa mwezi wa Agosti kila chumba kinajaa, na watu huwekeza nafasi tangu Januari.

Hata hivyo si kila mtu wa ziwa anafaidi. Wapo wavuvi wa kibiashara, wakiwemo wa makabila asilia wenye haki zilizolindwa na mkataba wa 1836, na hao zaidi hutegemea samaki aina ya waitifishi ambaye vifaranga vyake vimekuwa vikipungua kwa miaka mingi. Nyavu zao na ndoano za wageni hazijawahi kupendana. Nikiwa mtu wa nyavu, sikuweza kuwasikia wenye ndoano wakizungumza kuhusu hilo bila kujikuna kichwa.

Papa alikuwa na hesabu yake. Ameweka akiba miaka mitatu, na alitaka kujua kwa nahodha ni nini kinahitajika ili naye awe na mashua ya kubeba watu, watu wa kwao hasa, ambao wanaogopa kuagiza kwa Kiingereza. Nahodha hakumpamba. Alimweleza mtihani wa leseni na siku nyingi za uzoefu majini zinazohitajika kabla ya kuufanya, ukaguzi wa chombo, bima, mahali pa kuegesha panapolipiwa mwaka mzima wakati msimu wenyewe ni kati ya Mei na Septemba. Alisema injini moja ikifa Julai, faida ya mwaka imekwenda nayo. Kisha akasema kitu ambacho Papa alikirudia garini mara mbili: kwamba mkopo wa benki una tarehe, lakini dagaa hawana tarehe.

Upande wa pili wa jimbo

Alichomaanisha kilitokea upande wa pili wa jimbo hilo hilo, katika Ziwa Huron. Huko nako salmoni aliwekwa, miji ikaota magati na moteli. Kufikia mwaka wa 2003 na 2004 dagaa wale waliporomoka. Salmoni walikuwa wengi mno, tena wengi wao walikuwa wakizaliana wenyewe mitoni bila kuhesabiwa, na kome wadogo wa kigeni waliotapakaa sakafuni mwa ziwa walikuwa wakichuja chakula ambacho dagaa hula. Salmoni wakakonda, kisha wakaisha. Wageni hawakurudi, na manahodha wengi waliuza mashua au wakahamia upande wa Michigan. Nahodha wetu alikuwa mmoja wao. Hakutaka kuzungumza mengi kuhusu nyumba aliyoiacha huko.

Ajabu ni kwamba samaki wenyeji wa Huron walipata nafuu dagaa walipoondoka, kwa kuwa dagaa wale walikuwa wakila vifaranga vyao. Trauti wa ziwa alianza kuzaana tena. Ziwa lilipona kwa namna yake. Biashara ndiyo iliyozama.

Ndiyo maana majimbo manne yanayopakana na Michigan yalianza kupunguza vifaranga vya salmoni mfalme: mwaka wa 1999, tena 2006, tena 2013, tena 2017. Manahodha walipiga kelele, kwani ni nani anayependa kusikia kuwa samaki wataongezeka kwa kupandwa wachache? Lakini wataalamu huweka salmoni upande mmoja wa mizani na dagaa upande mwingine, wakaona uzani unaelekea kulala kama wa Huron. Miaka ya karibuni dagaa wamepata ahueni kiasi na baadhi ya vifaranga vimerudishwa. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya salmoni mfalme wa ziwa hilo sasa huzaliwa mitoni, ukiwemo Mto Pere Marquette unaomwagika pale pale Ludington, bomba la kiangulio si koki pekee tena, na kulifunga hakumalizi hesabu.

Jumapili ya upepo

Siku ya pili tulikuwa tumelipia tena. Saa kumi na nusu tulikuwa gatini, lakini upepo ulikuwa umegeuka usiku na kuvuma kutoka kaskazini. Nahodha alisimama akisikiliza taarifa ya hali ya hewa redioni. Onyo la mashua ndogo lilikuwa limetolewa kuanzia saa tatu asubuhi.

Kijana mmoja wa kundi letu alisema tumekuja kutoka mbali, na kwamba saa tatu bado ni mbali. Nahodha alimtazama, akamweleza kuhusu tarehe 23 Septemba 1967, vuli ile ya kwanza ya koho, wakati mamia ya mashua ndogo zilipokuwa nje kaskazini mwa hapo licha ya onyo. Dhoruba iliingia na watu saba walikufa. Papa, ambaye Tanganyika imemchukulia kaka yake, alivua boya lake akalikunja bila kusema neno.

Tukakubaliana saa mbili tu, karibu na mnara wa taa. Hata hapo mambo yalikuwa yamebadilika. Upepo ule ulikuwa umesukuma maji ya moto kwenda katikati ya ziwa, na baridi ya chini ikapanda hadi karibu na ufuko. Kipimajoto kilichosoma 11 kwa mita 23 jana yake kilisoma 11 kwa mita nane. Msaidizi alipandisha mapira yote. Tulipata samaki wawili, trauti wa ziwa na salmoni mfalme mdogo, kabla mawimbi hayajaanza kutumwagia. Saa moja na robo tulikuwa ndani ya bandari. Nahodha alirudisha zaidi ya nusu ya pesa yetu bila kuombwa, na akafuta safari yake ya mchana. Kwake hiyo ilikuwa siku ya hasara katika mwezi ambao ndio unaolipia Januari.

Mezani pa kupasulia, aliomba kitu kimoja: tusitupe matumbo kabla hajayaona. Aliyafungua kwa ncha ya kisu, moja baada ya jingine. Jumamosi salmoni wakubwa walikuwa na dagaa wanne au watano kila mmoja, wengine urefu wa kidole, wengine wa kiganja. Hilo lilimfurahisha. Dagaa wa saizi mbili maana yake ni kwamba wamezaana miaka tofauti, si mwaka mmoja tu wa bahati. Salmoni mdogo wa Jumapili alikuwa na dagaa mmoja, wa kidole.

Samaki huyo pia hakuwa na lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia. Pezi hilo hukatwa kiangulioni, na ndani ya pua ya kifaranga hutiwa kipande cha waya chembamba chenye namba, urefu wa milimita moja, kinachoeleza alitoka wapi na mwaka gani. Jimbo huomba vichwa vya samaki wa namna hiyo. Kando ya gati kulikuwa na friji, mifuko ya plastiki na vibandiko vya kuandika mahali na tarehe.

Hapo ndipo ulipozuka mgogoro pekee wa safari yetu. Papa alikuwa amekusanya vichwa vyote kumi na kimoja, na mpango wake ulikuwa supu. Kijana akamweleza kuwa kichwa kile ni cha serikali, ikiwezekana. Akamwonyesha pia bango la idara ya afya lililoshauri kuondoa ngozi na mafuta ya samaki wakubwa wa ziwa hilo, na kutowala mara nyingi, kwa sababu ya kemikali za viwanda zilizobaki majini kwa miongo. Papa alilisoma bango lote kwa utulivu, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno.

Kisha akachukua kichwa cha yule mdogo, akakitia mfukoni mwa plastiki, akaandika tarehe kwa herufi kubwa na kukiweka ndani ya friji. Vile kumi vilivyobaki alivifunga vizuri katika gazeti, akavipanga chini kabisa ya kasha la barafu.

"Wakisoma namba yao wataniambia amezaliwa wapi," alisema. "Na mimi nitawaambia wale wengine walikuwa watamu."

Shemeji alipiga simu jioni hiyo tukiwa njiani. Alitaka kujua yule nahodha hupeleka mashua yake wapi msimu ukiisha, na kama kuna mtu aliyewahi kufikiria kuwatoza watalii wa Rusinga ada ya siku badala ya ya kilo. Nilimweleza kuhusu maboya sita, bima, na kuhusu kurudisha pesa upepo ukigeuka. Akanyamaza tena. Safari hii hakukata.